Divai ya Kedowa

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilizaliwa kwa baba asiye na ng'ombe hata mmoja, na kwetu Wakipsigis hiyo ni kama kuzaliwa bila miguu. Madarasa nilisoma mawili na nusu. Hiyo nusu ni kwa sababu mwalimu aliugua, si mimi. Kusoma nilimalizia kwenye magunia, nikifuata herufi kwa kidole mpaka nikajua gunia hili ni la mbegu na lile ni la chumvi ya ng'ombe. Na leo nina lori, nina mashine ya kusaga unga pale Chepseon, na nyumba ya mawe ambayo wapita njia husimama kuuliza ni ya nani. Nimeona Mzungu akilia. Nimeona karani akirudisha pesa. Kwa hivyo nikisema hakuna la kunishangaza sijivuni, nataja tu. Mtu aliyekoroga maji ya pembe za ng'ombe kwa miaka saba, akalipwa mshahara kwa kazi hiyo, abakishe mshangao wa nini tena?

Hayo ya pembe yalikuwa ya Mzungu niliyemfanyia kazi juu ya Kedowa, kabla ya uhuru. Wazungu wenzake walilima pareto na ngano. Huyu alipanda mizabibu, ekari moja na nusu kwenye mteremko unaotazama jua la asubuhi. Alikuwa yeye na mke wake tu, hawana mtoto, na kazi zote za mizabibu walifanya kwa mikono yao na yangu. Dawa ya duka haikukanyaga hapo. Mbolea ya gunia aliita sumu. Alisema shamba ni mwili mmoja: ng'ombe ni tumbo lake, udongo ni ngozi yake, na mwezi ndio unaoliambia lini livute pumzi. Ukutani alikuwa na kalenda ya mwezi aliyoichora mwenyewe, na siku zenye msalaba mwekundu hakuna aliyeruhusiwa hata kung'oa gugu.

Baridi ya Juni ikiingia tulichukua pembe za ng'ombe jike aliyekwisha kuzaa, tukazijaza mavi mabichi, tukazifukia shimoni zikiwa zimesimama kama watu kanisani. Tulizifukua baada ya miezi mitatu. Yale mavi yalikuwa yamegeuka udongo mweusi usionuka. Unachukua kiasi cha kujaza kiganja, unatia ndani ya pipa la maji ya mvua, unakoroga saa nzima: unazungusha huku mpaka katikati pafanye shimo, halafu ghafla unageuza upande wa pili. Kisha unachovya ufagio na kurushia udongo wote jioni.

Wafanyakazi wengine walinicheka. Lakini ninawaambia, katika nchi hii ya Kericho mpaka Bomet hakuna mtu aliyekoroga kama mimi. Mzungu mwenyewe alisimama akaniangalia na saa mkononi, akasema, "Wewe una mkono." Mavi hayo hayo niliyachota tangu utotoni bila mtu kuniambia nina chochote.

Uhuru ulipokuja Mzungu akauza. Serikali ikagawa mashamba, ikatoa mikopo, na mimi nilikuwa nimeweka akiba na nilijua mlango wa ofisi uko wapi. Nikapata kile kipande hasa chenye mizabibu, pamoja na mapipa mawili ya mbao na kalenda ya ukutani. Siku ya kuondoka Mzungu alinishika mkono akalia. Sikujua kama analilia mkono wangu au mizabibu yake.

Wenzangu wote waliopata mashamba waling'oa kila walichokikuta wakapanda mahindi. Mimi nikatangaza kwamba nitatengeneza divai. Jirani yangu, mtu wa kutoka milima ya Kisii aliyenunua shamba la chini yangu, alinikuta nikifukia pembe zangu za kwanza. Nilikuwa nimezinunua kwa mchinjaji, na mchinjaji alishatangaza soko zima.

"Bwana mkubwa," akasema akiegemea ua, "unapanda ng'ombe?"

"Ninalisha udongo."

"Ee. Na hizi zitaota lini? Zikichipua masikio uniite, nije nichague mmoja wa maziwa."

"Utacheka mpaka meno yaishe."

"Mimi sicheki, jirani. Mimi naomba tu mbegu."

Nilimvumilia kwa sababu nilikuwa nimekwisha fika mahali yeye hajafika. Nilikuwa nimeongea na Padri wa misheni ya Wakatoliki. Padri huyu, Mzungu mzee aliyejifunza Kiswahili pwani, alinilalamikia kwamba divai ya altare inatoka ng'ambo kwa meli, inafika imechelewa, na kila chupa inamla shilingi tatu. "Ukinitengenezea divai safi ya zabibu, bila kuchanganywa na kitu," akasema, "nitainunua yote." Bila kuchanganywa na kitu! Nani mwingine aliyekuwa na shamba lisiloonja dawa hata tone? Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Aliyenisimamisha alikuwa mke wangu. Yeye ni wa kanisa lingine, lile la wokovu, ambalo pombe hata ya kusikia harufu ni dhambi. Aliweka sufuria chini.

"Baba watoto, unataka kunitoa kanisani?"

"Ni ya Komunyo. Ni ya Yesu."

"Ni ya Yesu wa kanisa lao."

"Yesu ni mmoja."

"Basi mwambie huyo mmoja alete karo." Halafu akaiinua tena sufuria, na mke wangu akirudia sufuria ujue anapima. "Nakupa mavuno ya mara moja. Misheni ikinunua, mizabibu yako ibaki. Isiponunua tunang'oa yote tunapanda chai kama watu. Na pesa iwe yangu. Mimi na watoto ndio tutakaopalilia."

Hapo nikajiona mkubwa. Kwetu maziwa ya asubuhi ni ya mwenye boma na maziwa ya jioni ni ya mama wa nyumba. Akiyauza, akiyagandisha, mume haulizi. Nikamwambia, "Hiyo divai iwe maziwa yako ya jioni. Na Padri analipa shilingi tano kwa chupa." Kwa nini nilisema tano wakati Padri alisema tatu? Kwa sababu tatu ilisikika ndogo mdomoni mwangu.

Tukafanya kazi, familia nzima. Mke wangu alikubali hata kukoroga. Maji ya mavi ya ng'ombe hayakuwa dhambi kwa kanisa lake; nilimuuliza, akasema ameshatafuta kwenye Biblia hayamo. Watoto walihesabu mizunguko kwa kuimba nyimbo za Jumapili, na mama yangu mzazi, ambaye wote walimwita kogo, yaani bibi, alikaa kwenye kigoda akisema tunazungusha pole pole mno. Nilifuata mwezi, nikafuata misalaba myekundu. Magugu tulikatia ng'ombe, ng'ombe wakarudisha samadi, na zabibu zikaja nyeusi, ndogo, tamu. Tulizivuna kwa mbio, wingu la mvua ya mawe likiwa limekwisha kaa juu ya mlima, na alasiri hiyo mawe yakanyesha juu ya majani matupu. Nilisimama barazani nikayacheka.

Sasa nifike kwenye mapipa, ambapo watu wengi wamesimulia vibaya.

Mzungu alikuwa akisafisha mapipa kwa kuchoma salfa ndani, ile dawa ya manjano inayokohoza. Salfa ni ya duka. Nilipima mwenyewe nikaona hapo Mzungu alikuwa ameteleza: mtu anakataa dawa ya duka shamba zima, halafu mwishoni kabisa anaitia ndani ya pipa? Mimi sikuwa mtu wa kuteleza. Nilikuwa na mama yangu ndani ya boma, na mama yangu alikuwa fundi wa mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Maziwa yake yalikaa kwenye kibuyu mwezi mzima yasiharibike, bila salfa, bila chochote isipokuwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa mpaka kikawa kaa, kikasuguliwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi na zinukie moshi mtamu. Kama mkaa wa senetwet unalinda maziwa, ambayo huharibika ukiyaangalia tu, utashindwaje kulinda juisi ya zabibu?

Nikamweleza mama.

"Kijana wangu, maziwa ni maziwa."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni maji ya matunda. Sijui inapenda nini. Na kibuyu naingiza mkono. Hili naingiza nini, mtoto?"

"Tutafunga vijiti kwa mti mrefu."

"Wewe umesoma," akasema mama, na kwake madarasa mawili na nusu yalikuwa chuo kikuu.

Tukasugua siku mbili. Mama alisimamia, mimi nikasugua, kwa hivyo wale wanaosema mama yangu aliharibu divai waache. Kazi ilikuwa nzuri. Ukiingiza kichwa ndani ya pipa ulitaka kulia kwa utamu wa harufu ile, harufu ya nyumba ya kila mtu wa kwetu aliyelelewa vizuri. Tukakanyaga zabibu. Mke wangu hakukanyaga; alisimama mbali akiwa amewashika watoto wadogo mkono, kama mtu anayepisha msafara wa mazishi. Tukamimina, tukasubiri povu liishe, tukaziba, tukasubiri tena.

Padri alikuja miezi ilipotimia, kwa pikipiki, na katekista nyuma akiwa amebeba glasi kwenye taulo. Nilikuwa nimevaa koti. Bahati mke wangu alikuwa amekwenda mkutano wa akina mama, maana hakutaka kuwepo pombe ikifunguliwa. Nikafungua pipa.

Zabibu zangu zilikuwa nyeusi. Divai ya Mzungu ilikuwa nyekundu kama damu ya mbuzi. Iliyotoka kwenye pipa langu ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshea maharagwe, na ndani yake vumbi jeusi jembamba lilizunguka taratibu, huku, halafu upande wa pili, likikoroga lenyewe.

Padri akainua glasi kwenye mwanga. Akanusa. Akaonja kidogo, akafumba macho. Katekista naye akafumba macho, akidhani ni sala.

"Bwana," akasema Padri mwishowe, "divai hii imelala jikoni?"

"Hapana, Fatha. Ni senetwet. Ni usafi."

"Nini hicho?"

"Mkaa. Wa mti. Sisi tunasafishia vibuyu vya maziwa. Bila dawa, Fatha, bila duka."

"Ninafahamu. Nimekunywa maziwa yenu, mazuri sana." Akaweka glasi chini kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto. "Lakini sheria yasema zabibu tupu. Nikiinua kikombe hiki altareni, nainua zabibu na mkaa."

"Kuosha si kuchanganya."

"Ukiosha kikombe kwa sabuni, wabakisha povu?"

Nikamwambia divai ina nguvu, ina afya, udongo wake umelishwa kwa mwezi. Akasema anaamini yote. Akasema hata yeye ameipenda kidogo, kwa jinsi inavyopendwa dawa ya kikohozi. Lakini hawezi. Akanibariki, akaibariki mizabibu, nadhani akaibariki na pipa, akapanda pikipiki. Katekista alirudi mbio kuchukua glasi na nikaona amemaliza ile ya Padri.

Nikabaki pale na koti langu. Mke wangu angerudi jioni. Agano lilikuwa wazi kuliko hati ya shamba: misheni haikununua, mizabibu inang'olewa. Na mizabibu ile ndiyo pekee iliyokuwa imewahi kufanya mtu aseme nina mkono. Tena fikirieni yule jirani wa ng'ombe wa kuota, angesikia, angecheka mpaka Kisii isikie.

Nikaleta lori langu, nikapakia mapipa yote mawili mchana kweupe, nikapita barabara kubwa nikipiga honi, ili kila mtu aone divai inakwenda misheni. Ilikwenda Chepseon. Niliiweka kwenye ghala la mashine ya unga, nyuma ya magunia. Halafu nikaingia kwenye pesa zangu za mahindi niliyokuwa nikinunua na kuuza kwa lori, nikarudi nyumbani, nikamwekea mke wangu mezani shilingi tano kwa kila chupa kama nilivyotamba, chupa mia moja na sitini.

Alizihesabu mara mbili. "Padri amelipa hii yote?"

"Alitaka kuongeza nikamkataza."

"Alisemaje kuhusu divai?"

"Alifumba macho."

Na huo haukuwa uongo.

Jumapili alipeleka fungu la kumi kanisani kwake. Nilimwona akilifunga kwenye kitambaa, nikachekea ndani. Kanisa lile lisilotaka kusikia harufu ya pombe lilinunua mabati mawili siku hiyo na likaimba. Nikajiambia, wokovu ni kitu kizuri lakini na mabati pia.

Sasa ile divai ya ghalani. Sikuwa na leseni ya kuuza, na kuimwaga nilishindwa. Nikaonjesha mzee mmoja, rika la marehemu baba yangu. Alikunywa, akapangusa mdomo, akasema, "Hii ina mti ndani." Kwake hiyo ilikuwa sifa. Kesho yake alikuja na wenzake wawili. Ndani ya mwezi mmoja mashine yangu ilipata wateja ambao hakuna mashine nyingine ilikuwa nao: wazee ambao hawajabeba gunia tangu wazaliwe, kila mmoja akija na vikombe viwili vya mahindi ndani ya kofia, akitaka kusagiwa, na akisubiri kusagiwa tangu asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Unga walisahau kuchukua.

Mavuno ya pili niliosha mapipa kwa maji ya moto siku tatu. Mbao zilikuwa zimekwisha kunywa senetwet na hazikutaka kuitapika. Mawe ya mvua nayo safari hiyo yaliwahi kabla yangu, tukapata pipa moja tu. Padri alionja mlangoni, hakuzima hata pikipiki, akatikisa kichwa. Nikapakia lori, nikapiga honi, nikauza ndama dume wawili, nikalipa chupa themanini.

Mavuno ya tatu mke wangu alikuwa mtu mwingine. Alikoroga yeye mwenyewe kabla sijaamka. Aliijua misalaba ya kalenda kuliko mimi. Alinunua pipa la tatu kutoka kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka, pipa lililowahi kukaa sijui nini, akasema, "Baba watoto, biashara ikikubali usiibanie." Zabibu zikaja nyingi kama laana. Mapipa matatu! Chupa mia mbili na arobaini! Nilizipakia honi ikiwa kimya, nikaahirisha kununua magurudumu ya lori, nikamwekea mezani. Akahesabu mara mbili, akafunga kitambaa, akasema:

"Mwakani tuongeze nusu ekari. Padri ni mteja mzuri."

Hapo nikakaa chini. Nimeshindana na karani, na mkopo, na mvua ya mawe. Lakini nilipiga hesabu ya nusu ekari nikaona mizabibu itakula lori, halafu mashine, halafu nyumba ya mawe.

"Nataka kuing'oa," nikasema.

"Kung'oa shamba lenye faida? Umeugua?"

"Haina faida."

"Hii mezani ni nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mkaa, glasi, ghala, ndama. Sikumtazama, nilitazama kitambaa chake. Aliendelea kukifunga fundo.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Fatha aliniambia siku ya soko, mwaka ule wa kwanza. Alikuja kuniomba radhi kwamba hakuweza kununua. Mtu mzuri sana."

"Mwaka wa kwanza! Na ukaendelea kupokea?"

"Wewe si uliendelea kuleta."

"Na sadaka? Ulipeleka pesa ya pombe kanisani?"

Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma aliyesoma. "Pesa ya pombe ningeipelekaje kanisani, baba watoto? Ile ilikuwa ya mahindi. Na ya pili ya ndama. Pesa safi kabisa, bila kuchanganywa na kitu."

Nikauliza iliyobaki iko wapi. Akasema miche ya chai iko kitaluni kwa kaka yake, karibu na Kabianga, imefika magotini, inangoja tu ardhi. Alikuwa akisubiri nichoke mwenyewe. Alisema hakutaka kuning'olea kitu ambacho nilikipenda hivyo.

Waliokuja kung'oa ni vijana wanne wa jirani wa Kisii, kwa siku tatu. Mizizi ilikuwa imekwenda chini mno na udongo ulikuwa mweusi, laini, umejaa minyoo. Jirani mwenyewe aliuchukua kwenye kiganja akaunusa, na kwa mara ya kwanza hakuomba mbegu. Chai iliyopandwa hapo mpaka leo ndiyo ya kwanza kukubaliwa na karani wa kituo cha kununulia majani. Mke wangu anasema ni mkono wake. Siku ya mwisho aliniletea gharama ya vijana wale nilipe mimi, maana mizabibu, alisema, ilikuwa yangu. Mavuno ya kwanza mia nane, ya pili mia nne, ya tatu elfu moja na mia mbili, na ya kung'oa sabini na tatu na nusu. Nilitafuta penseli, nikajumlisha yote mizabibu iliyonila, mara mbili kama yeye: shilingi elfu mbili, mia nne na sabini na tatu, na senti hamsini.